Hiari ya Rubani na Amana ya Abiria

Mtu asimamaye katika uwanja mdogo wa ndege wa Moshi saa kumi na mbili za asubuhi, kabla wingu halijapanda kutoka msituni na kuusitiri mlima, huona mbele yake jambo ambalo sheria ya anga iliyotungwa mbali na hapa hulisahau kwa wepesi: kwamba ardhi anayoikanyaga imekwisha kuinuka karibu mita 850 juu ya bahari, na kwamba Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ambacho ndege ndogo ingeweza kukikaribia kwa muda mfupi, kimesimama mita 5,895, kimo ambacho nyingi katika ndege za injini moja ya petroli, zile ambazo watu binafsi huzimiliki na kuziendesha kwa raghba zao, haziwezi kukifikia hata zikiachwa zipande mpaka nguvu ziziishie. Mahali kama hapa ndipo panapostahili kuulizwa swali ambalo kwa miaka mingi limewashughulisha wapenzi wa kuruka katika Afrika ya Mashariki, na ambalo halijapata jibu la insafu: dola ina haki gani juu ya mtu mzima, mwenye akili timamu na leseni halali, anayetaka kupanda angani kwa hiari yake, kwa ndege yake na kwa gharama yake, na haki hiyo inakoma wapi?

Nitaanza na ajali, kwa kuwa kanuni nyingi za urubani zilizaliwa baada ya msiba fulani. Tarehe 14 Mei 1931 Denys Finch Hatton, Mwingereza aliyekuwa akiongoza safari za uwindaji na aliyejipatia ndege yake mwenyewe aina ya Gipsy Moth, aliondoka Voi, upande wa mashariki wa mlima huu, na mara tu baada ya kuruka ndege ikaanguka na kuwaka moto. Vitabu na filamu vimemlilia sana bwana huyu, na jina lake linajulikana hata kwa watu ambao hawajapata kuikanyaga Afrika. Lakini pamoja naye alikufa mtumishi wake Mwafrika, ambaye simulizi nyingi humtaja kwa neno moja au mawili kisha zikampita. Bwana alikuwa rubani: aliijua mashine, aliitaka safari, na kama alikosea alikosea katika jambo alilolichagua mwenyewe. Mtumishi alipanda kwa sababu utumishi ndio uliomlisha, na ni vigumu kuamini kwamba kuna aliyemkalisha chini akamweleza hatari ya chombo kile kisha akamwachia nafasi ya kukataa.

Mlima wenyewe una orodha yake. Tarehe 18 Mei 1955 Dakota ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam kwenda Nairobi, iligonga kilele cha Mawenzi na watu wote 20 waliokuwamo wakaangamia. Hiyo ilikuwa ndege ya abiria wa nauli, yenye marubani wa kazi, nami naitaja ili isidhaniwe kwamba Kilimanjaro huwaadhibu wanagenzi peke yao. Mwezi wa Novemba 2008 ndege ndogo iliyobeba watalii ilianguka karibu na Mawenzi hiyo hiyo. Waitalia wanne walikufa, na rubani wao, Mkenya, akanusurika. Kisha Septemba 2019 mgeni kutoka Kanada, aliyepanda mlima kwa miguu akiwa na mwavuli wa kuelea mgongoni ili ateremke nao kutoka juu, alirukia hewani na mwavuli ukakataa kufunguka.

Misiba hii inafanana kwa huzuni iliyoiacha, lakini mbele ya adili haifanani hata kidogo. Yule wa mwavuli aliichukua hatari yeye peke yake, akiijua kwa kadiri binadamu awezavyo kuijua, wala hakuwa na mtu mwingine chini ya bawa lake. Wale Waitalia wanne walikuwa wamejiweka mikononi mwa rubani kama mgonjwa ajiwekavyo mikononi mwa mpasuaji: hawakuwa na elimu ya kuipima ndege, wala ya kuusoma upepo unaoshuka kutoka miambani, na kwa hiyo walihitaji kwamba mtu fulani, mahali fulani, awe amekwisha kuipima kwa niaba yao. Na yule mtumishi wa Voi alikuwa katika hali mbaya kuliko wote, maana hakuwa na elimu, wala hiari, wala dola iliyomhesabu miongoni mwa watu wa kulindwa. Rai yangu, ambayo nitaitetea katika safu hii yote, ni kwamba kanuni za anga hazina budi kuifuata tofauti hiyo: ziwe nyepesi pale mtu anapojihatarisha mwenyewe kwa kujua, ziwe nzito pale anapobeba amana ya roho ya mwenziwe, na ziwe nzito zaidi pale ambapo abiria hajui hata kwamba kuna swali la kuuliza.

Wazo hili halikuzuliwa na wapenzi wa kuruka ili kujipatia unafuu. Mkataba wa Chicago, uliotiwa saini tarehe 7 Desemba 1944 na ambao ndio msingi wa sheria ya anga duniani pote, una viambatisho 19, na kile cha 6, kinachohusu uendeshaji wa ndege, kiligawanywa tangu zamani katika sehemu mbalimbali ili safari za biashara zisihukumiwe kwa kipimo kimoja na safari za binafsi. Sehemu ya pili, iliyo ya ndege za binafsi, inaeleza waziwazi katika dibaji yake kwamba dola haina wajibu ule ule wa kumlinda mtu apandaye ndege ya binafsi kama ule iliyo nao kwa abiria anayelipa nauli, na kwamba sehemu kubwa ya wajibu huo imewekwa juu ya mwenye ndege na rubani wake. Marekani mwaka 1982 ilikwenda mbali zaidi: ikaamua kwamba chombo cha kuruka chenye kiti kimoja tu, kisichozidi ratili 254, yaani kama kilo 115, kikirushwa mchana kwa burudani tu na mbali na makazi ya watu wengi, hakihitaji cheti cha ubora, wala mwendeshaji wake hahitaji leseni. Angalia kile kiti kimoja. Waliotunga kanuni ile hawakuruhusu kiti cha pili, maana kiti cha pili kingekaliwa na mtu mwingine, na hapo hesabu yote ingebadilika.

Huku kwetu hesabu hiyo haijafanywa kwa ukamilifu, na sababu zake zinaeleweka ukitazama tulikotoka. Mpaka mwaka 1977 anga la Tanzania, Kenya na Uganda lilisimamiwa kwa pamoja, chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza. Ilipovunjika Jumuiya, kila nchi ikabaki na kipande chake cha anga na kazi ya kujijengea watumishi na sheria kwa haraka, na katika haraka hiyo ilikuwa ni tabia ya asili kuanza na mashirika makubwa yabebayo mamia ya watu. Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania ya leo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Ina kazi nyingi: inatoa leseni na vyeti, inakagua usalama, inasimamia masuala ya kiuchumi ya usafiri wa anga, inatoa huduma ya kuongoza ndege angani, na tena inakiendesha chuo cha mafunzo kilichoko Dar es Salaam. Mtu mmoja akiwa muuzaji wa huduma, mkaguzi wa huduma hiyo hiyo, na mwalimu wa wale watakaokuja kuikagua, si lazima awe mwovu ndipo mambo yapinde. Yatosha awe binadamu. Rubani mdogo anayedhani kwamba mwongoza ndege alimkosea hewani anajua kuwa malalamiko yake yatapokewa na jengo lile lile lililomwajiri mwongoza ndege huyo, na ambalo mwakani litahuisha leseni yake mwenyewe. Haidhuru malalamiko hayo yakisikilizwa kwa haki kamili. Mtu huyo hatayapeleka.

Na sasa kuna jambo jipya linalozidisha uzito. Mwezi wa Desemba 2024 Tume ya Ulaya iliiingiza Air Tanzania katika orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa kuruka katika anga la Umoja wa Ulaya, na Juni 2025 ikayaingiza mashirika yote ya ndege yaliyopewa vyeti na Tanzania, ikitaja miongoni mwa sababu zake upungufu wa wataalamu wenye sifa na udhaifu wa usimamizi wa ubora wa ndege na uendeshaji wake. Wenye ndege za binafsi hawakutajwa katika hukumu hiyo. Lakini yeyote ajuaye tabia ya ofisi zilizoaibishwa mbele ya wageni anajua kwamba kishawishi cha kwanza ni kukaza kamba zote kwa pamoja, zilizolegea na zisizolegea, ili mkaguzi ajaye aone kwamba kuna kilichofanyika. Nasema kwa msisitizo kwamba hilo lingekuwa kosa. Ikiwa taksiri iliyoonekana ni uchache wa wakaguzi wenye ujuzi, basi kila saa ambayo mkaguzi mmoja anaitumia kuhesabu karatasi za ndege ya viti viwili inayorushwa na mwenyewe Jumapili asubuhi ni saa iliyoporwa kutoka kwa ndege ya viti kumi na viwili iliyopeleka watalii Serengeti siku hiyo hiyo. Kuwapunguzia mzigo wanaojirukia wenyewe si fadhila kwa matajiri. Ndiyo njia ya kuwapata wakaguzi wa kuwalinda abiria.

Neno hilo la matajiri nimeliandika kwa makusudi, kwa kuwa ndilo linalotumiwa aghalabu kuyafunga mazungumzo haya kabla hayajaanza. Watu huuliza: kwa nini taifa lenye zahanati zisizo na dawa lijishughulishe na starehe ya wachache? Jibu liko kwenye miteremko ya mlima huu huu. Huko Ol Molog, magharibi ya Kilimanjaro, alikuwa na shamba daktari mpasuaji Michael Wood, ambaye pamoja na wapasuaji wenzake Archibald McIndoe na Tom Rees aliwaza namna ya kuwafikia wagonjwa wa nchi ambazo barabara zake hupotea kila masika. Na mwaka 1957 wazo hilo likawa shirika la madaktari warukao, ambalo leo watu hulijua kwa jina la AMREF. Wood mwenyewe alikuwa rubani wa ndege ndogo. Baadaye akaja Anne Spoerry, daktari Mfaransa, aliyejifunza kuruka akiwa amevuka miaka 40, akanunua ndege yake, kisha akaitumia kwa miaka mingi kuwatibu watu wa Lamu na wa kaskazini ya Kenya, hata wakamwita Mama Daktari. Hakuna serikali iliyowatuma watu hawa wajifunze kuruka. Walijifunza kwa raghba, katika vilabu na kwa walimu wa binafsi, na raghba ile ikazaa utumishi ambao wizara zilikuja kuutambua baadaye. Lau ada, vibali na safari za kwenda ofisini zingekuwa nzito siku zile kiasi cha kumkatisha tamaa mwanafunzi wa makamo, sidhani Spoerry angefika mwisho wa mafunzo yake.

Turudi uwanjani, maana mambo haya hayaeleweki vizuri kwa kuyasoma katika gazeti la serikali peke yake. Rubani wa ndege ndogo, kabla hajapanda, huchuchumaa chini ya bawa akiwa na kikombe cha plastiki kipitishacho mwanga, akakinga petroli kidogo kutoka tangini, akakiinua kikombe na kukitazama dhidi ya anga. Petroli ya ndege hizi imetiwa rangi ya buluu hafifu. Kama kuna maji, nayo hupatikana mara nyingi pale ambapo mafuta ni adimu na hukaa siku nyingi katika mapipa, basi yatashuka chini ya kikombe yakawa tone lisilo rangi. Huimwaga, akakinga tena, mpaka iwe safi. Kisha hupitisha kidole kwenye ukingo wa rafadha akitafuta mahali palipopigwa na kokoto. Mkaguzi wa serikali hayupo saa hiyo, wala hawezi kuwapo katika kila uwanja na kila asubuhi. Usalama wote wa safari ile umekaa katika kidole kimoja na jicho moja.

Kisha inakuja hesabu ya joto. Kwa vipimo vilivyokubaliwa na wataalamu, hewa ya kimo cha Moshi ingalipasa kuwa na nyuzi 9 au 10 za joto. Lakini mchana wa Januari au Februari nyuzi 30 si ajabu, na tofauti hiyo huilegeza hewa hata ndege ikajiona kana kwamba uwanja umeinuliwa mpaka karibu mita 1,600. Injini inapata hewa kidogo, bawa linabebwa kidogo, rafadha inashika kidogo, na barabara ile ile ya kurukia iliyotosha alfajiri inakuwa fupi saa nane za mchana. Kijana aliyefunzwa Dar es Salaam, penye usawa wa bahari, anaweza kuwa na leseni halali na cheti cha afya kisicho na dosari, na bado akafa Moshi kwa kutoifanya hesabu hii. Ndiyo maana nasema kwamba kanuni iliyo nzuri kwa mahali hapa ingejihusisha zaidi na maarifa ya mlima kuliko na mihuri: ingemtaka kila rubani mgeni wa ukanda huu aruke mara ya kwanza na mwalimu mwenyeji, afanye hesabu ya joto mbele yake, aonyeshwe mahali upepo unapogeuka nyuma ya matuta, na akumbushwe sharti la kimataifa la oksijeni kwa marubani, linaloanza kuhesabiwa kutoka kimo cha karibu mita 3,000 kwa safari inayozidi nusu saa huko juu, na ambalo kutoka karibu mita 4,000 halina muda wa kusamehewa. Mambo hayo machache yangeokoa roho nyingi kuliko jalada zima la nakala zilizogongwa mihuri.

Lakini wapenzi wa kuruka nao hawana budi kuambiwa ukweli ambao hawapendi kuusikia. Hiari yao ina mipaka miwili, na wa kwanza ni anga lenyewe, ambalo hawalimiliki. Tarehe 5 Machi 2024, juu ya hifadhi ya taifa ya Nairobi, ndege ya mafunzo aina ya Cessna 172 iligongana hewani na ndege ya abiria ya Safarilink iliyokuwa imetoka uwanja wa Wilson. Mwalimu na mwanafunzi wake walikufa, na ndege kubwa ikafanikiwa kurudi salama. Uwanja wa Kimataifa wa Kilimanjaro uko karibu kilomita 40 tu kutoka Moshi kwa barabara, nao hupokea ndege kubwa kutoka Ulaya, Uarabuni na Ethiopia. Wazee wa kazi wanaikumbuka siku ya tarehe 18 Desemba 2013, Boeing 767 ya Shirika la Ndege la Ethiopia ilipotua kwa makosa katika uwanja mdogo wa Arusha badala ya ule wa Kilimanjaro. Taarifa za wakati ule zilisema kwamba barabara ya kurukia ya Kilimanjaro ilikuwa imezibwa na ndege ndogo iliyoharibika gurudumu. Gurudumu moja la mtu mmoja likashiriki katika mkasa wa chombo kilichojaa watu. Kwa hiyo redio, kifaa cha kuitambulisha ndege kwenye rada, taarifa ya safari na utii kwa mwongoza ndege si mambo ya kuombewa nafuu, hata kwa mwenye kiti kimoja, pindi anapoingia katika anga linalotumiwa na wengine.

Mpaka wa pili ndio unaonitia wasiwasi kuliko yote, nao ni ule wa fedha. Katika nchi nyingi kuna desturi ya safari za kulipiwa zinazojifunika shuka ya safari binafsi: rafiki ambaye si rafiki, mchango wa mafuta ambao ni nauli, mgeni wa hoteli aliyeahidiwa kuonyeshwa mlima kutoka juu na mwenyeji mkarimu. Wasomaji wapenda kandanda hawajamsahau Emiliano Sala, mchezaji wa Argentina aliyekufa Januari 2019 katika bahari iliyo kati ya Ufaransa na Uingereza, akisafirishwa kutoka Nantes kwenda Cardiff kwa ndege ya injini moja, na rubani ambaye leseni yake ilikuwa ya binafsi na isiyomruhusu kubeba abiria wa kulipa. Mtu aliyeipanga safari ile alihukumiwa kifungo mwaka 2021. Sala hakujua. Aliona ndege, aliona rubani, akaamini kwamba vitu hivyo viwili vimekwisha kupimwa na mtu. Chini ya Kilimanjaro, ambako kila mwaka maelfu ya wageni hufika na fedha mkononi na hamu ya kuuona Kibo kwa karibu, kishawishi cha namna hiyo hakiwezi kukosekana, na hapa ndipo ningependa kuona mkono wa dola ukiwa mzito bila huruma: faini za kutisha, leseni kuondolewa, na zaidi ya hayo yote sharti jepesi kwamba kila abiria wa ndege ndogo, kabla hajafunga mkanda, asomewe kwa lugha aielewayo iwapo safari hii imepewa cheti cha biashara au ni ya binafsi. Vilabu vya warukao vingepaswa kuwa vya kwanza kulidai jambo hilo, kwa kuwa mlaghai mmoja huchafua jina la wote.

Kuhusu vibali vya mlimani nitasema kwa ufupi. Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro iko chini ya Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA. Anga lililo juu yake liko chini ya mamlaka ya usafiri wa anga. Na vyombo vya ulinzi navyo vina neno, hasa kwa ndege nyuki, ambazo kanuni zake zilitungwa mwaka 2018. Mwenye mwavuli, au mpiga picha mwenye ndege nyuki ya uzito wa chungwa, hujikuta akibisha milango mitatu, na kila mlango ukimuuliza kwanza kama wale wengine wawili wamekwisha kumruhusu. Tahadhari ya walinzi wa hifadhi naiheshimu: wanyama hushtuka, wapandaji hudhurika, na atakayeanguka kwenye kambi ya Barafu au Mawenzi wao ndio watakaomfuata kwa machela usiku. Februari 2013 umati wa wapandaji na marubani wa miavuli ulipanda Kibo kwa kibali, ukichangia fedha za hisani, na hali ya hewa ikawanyima wengi wao nafasi ya kuruka. Waliteremka kwa miguu, na mpango uliosimamiwa vizuri ukathibitisha kwamba kuruka na kutoruka vyote vyaweza kuratibiwa. Dirisha moja la maombi, lenye muda maalumu wa kujibu na sababu za maandishi pale linapokataa, halimnyang'anyi TANAPA wala jeshi haki yoyote.

Ajabu kubwa zaidi iko mpakani. Mwenye gari anayetoka Moshi kwenda Taveta hufika Holili, akasimama katika kituo cha pamoja kilichofunguliwa mwaka 2016, ambamo maofisa wa nchi mbili hukaa chini ya paa moja, na baada ya ukaguzi mmoja akaendelea na safari yake. Mwenye ndege anayetaka kwenda mahali hapo hapo, ambapo angefika kwa dakika chache, hana budi kwenda kwanza kwenye kiwanja chenye forodha na uhamiaji, akalipa ada, akaruka mpaka kiwanja cha namna hiyo upande wa Kenya, akalipa tena, ndipo arudi nyuma kuelekea alikokusudia. Jumuiya ya Afrika Mashariki inacho chombo chake cha usalama wa anga, CASSOA, kilichoanzishwa mwaka 2007 na chenye makao Entebbe, nacho kimefanya kazi ya kulinganisha kanuni za nchi wanachama. Ningetamani kukiona kikishughulikia pia njia ya rubani wa Moshi kwenda Voi, kama walivyoshughulikiwa wenye malori.

Kuna mambo mawili ambayo yangebadilisha hali bila kuigharimu hazina kitu kikubwa. La kwanza ni ushauri kabla ya sheria. Sheria yetu iliunda baraza la watumiaji wa huduma za usafiri wa anga, lakini baraza hilo lilifikiriwa hasa kwa ajili ya abiria, na ni haki hivyo. Wanaorusha ndege ndogo, mafundi wao na walimu wao hawana kiti cha kudumu mahali kanuni zinapoandikwa, na aghalabu hukutana nazo zikiwa zimekwisha kupigwa chapa. Uingereza mwaka 2014 iliunda ndani ya mamlaka yake kitengo mahususi cha ndege za binafsi, baada ya serikali kuwataka warukao wataje kanuni zinazowalemea bila faida. Watu watatu wenye maarifa wa kitengo kama hicho, wakiwa na ofisi Arusha au Moshi, zaidi ya kilomita 500 kutoka makao makuu ya Dar es Salaam, wangewafikia watu wengi wa fani hii kaskazini katika mwaka wao wa kwanza wa kazi.

La pili ni kukiri makosa bila hofu. Tangu mwaka 1976 marubani wa Marekani huandika taarifa za makosa yao wenyewe na kuzipeleka kwa NASA, ambayo haina mamlaka ya kuwaadhibu, nayo hufuta majina kisha ikayachapisha yaliyobaki ili wengine wajifunze. Rubani wa Moshi aliyeingia katika wingu bila kukusudia, akatoka upande wa pili akitetemeka, hana mahali pa namna hiyo. Atanyamaza, na mwenziwe ataingia katika wingu lile lile mwezi ujao. Kadhalika ripoti za ajali: Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago kinasema kwamba lengo la uchunguzi ni kuzuia ajali nyingine na si kumtafuta wa kulaumiwa, kinataka taarifa ya awali ndani ya siku 30, na kinataka ripoti ya mwisho itolewe kwa umma, ikiwezekana ndani ya miezi 12. Ripoti za ndege ndogo zilizoanguka katika ukanda huu ni nadra kumfikia fundi au mwanafunzi anayezihitaji, na zikimfikia huwa katika Kiingereza cha kisheria. Zifupishwe kwa Kiswahili, kurasa mbili kwa kila ajali, zikieleza kimo, joto, uzito na upepo wa siku ile, zipelekwe Moshi, Arusha, Dodoma na Mwanza, na kila mwanafunzi wa urubani atakiwe kuzijibia maswali kabla hajapewa leseni.